Nyumba Isiyo na Chumvi

Ibra

Jumapili, 23 Juni 1985

Idi imekwisha, halwa iliyobaki imekauka kwenye sahani, na joto limeingia bila kubisha hodi. Hii ndiyo kaidhi, msimu wa tende, na kila mwenye shamba mchana kutwa anatazama juu ya mitende. Mie sina shamba. Nina nyumba yenye watu wawili wasiosema, na mdomo uliozoea kusema, basi nimeona bora niandike kuliko kuzungumza na masufuria.

Nyumba ni ya Bwana Nadhir, aliyerudi Omani kutoka Bujumbura na mali yake. Ameitoa kwa wanawake ambao akili zao ni nzito na jamaa zao hawawezi kukaa nao, au hawataki, mie siulizi. Kwa sasa wapo Azza, mfupi, mcheshi, anayecheka peke yake mpaka akapaliwa, na Turkiya, mwanamke mkubwa wa mwili, umri wake wapata thelathini, hasemi ila akiulizwa. Turkiya aliletwa na kakake, Amur, mwaka ule nilipoanza kazi. Tangu hapo Amur huja Idi kubwa, akanywa kahawa, akatazama saa yake, akaondoka.

Nilikuwa msaidizi wa wodi Unguja kabla mambo hayajapinduka, kwa hiyo usafi naujua. Wangu wanaamka alfajiri, wanaoga, wanafagia, wanakula, wanalala mchana, na jua likichwa mlango unafungwa. Daktari amekataza chumvi kwa sababu ya presha ya Azza, nami sipiki vyungu viwili. Wageni wakija husema, "Mashallah, Bi Rahila, kimya kama hakuna mtu." Mie hufurahi.

Jumanne, 25 Juni

Gharbi, upepo wa moto, kutwa. Vumbi mpaka ndani ya chai.

Alhamisi, 27 Juni

Leo kuchemsha tende kumeanza katika mashamba ya jirani. Nimewachukua wangu wote wawili waende kusaidia, maana kazi hiyo haihitaji maneno. Wanaume wanashusha mikungu ya tende za manjano, wanawake wanazichambua, kisha zinatiwa katika masufuria makubwa ya shaba juu ya tanuri la udongo, zikiiva zinaanikwa juani. Turkiya alichambua bila kuinua macho, haraka kuliko wanawake wawili pamoja. Nikajiona kama mama aliyepeleka mtoto skuli akashika namba ya kwanza.

Hapo alikuwepo bibi mmoja mgeni, mtu wa Aija, ng'ambo ya khori kule Sur, pwani. Anaitwa Mahbouba. Huja kila kaidhi kukaa na jamaa zake, lakini miaka yote hii sikupata kumwona. Alikuwa akichambua na huku anamtazama Turkiya. Mara akaacha tende, akasogea kwa makalio juu ya mkeka mpaka akamfikia, akamshika kidevu, akamgeuza uso upande huu na upande huu.

"Tamima," akasema.

Turkiya akamtazama. Hilo lilinishangaza, kwa sababu Turkiya hamtazami mtu.

"Anaitwa Turkiya, bibi," nikamwambia. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa Kiswahili cha Malindi ya Unguja kabisa, lakini hakuniangalia.

Jumatatu, 1 Julai

Bi Mahbouba yuko mlangoni. Si kwamba amebisha. Nimefungua kumwaga maji adhuhuri, wakati ambao hata mbwa wa Ibra hawatoki, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti na ushungi umeloa jasho.

Nikamwingiza, nikampa maji. Akanieleza habari yake. Udogoni alilelewa Unguja kwa baba yake mfanyabiashara, ndiyo maana ya Kiswahili chake. Baadaye aliolewa Sur, akazaa watoto, akabakiwa na mmoja tu, Tamima. Kaidhi moja, miaka ishirini nyuma, alimtanguliza mtoto kuja huku na shangazi yake, yeye akabaki Sur kumwuguza mumewe. Mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa. Akashikwa na homa asubuhi, jioni akazikwa.

"Nilipofika nilionyeshwa udongo," akasema. "Uso sikuuona. Nani alimwona uso? Shangazi yake alikuwa analia, hakuona kitu. Wallahi, Rahila, mie sikuweka hata matanga. Nimuwekee matanga nani?"

Nikajua anakokwenda. Watu wa huku wana imani ya maghayib: mtu anakufa, anaoshwa, anazikwa, kumbe hakufa. Mchawi amemchukua, kaburini ameacha gogo la mtende lililovishwa sura ya maiti. Yule mtu yuko hai mahali, amenyamazishwa, hajui jina lake, anatumikishwa. Unguja tulikuwa tukiwaita misukule, na bibi yangu alikuwa akitutisha nao tukikataa kulala.

"Turkiya ana kaka yake, Bi Mahbouba. Kazaliwa Bujumbura."

"Wewe ulikuwepo akizaliwa?"

Sikuwepo. Nikamwambia nina kazi.

Jumatano, 3 Julai

Amekuja tena. Ilikuwa wakati wa chakula, na mgeni hafukuzwi kwenye chakula, basi nikampakulia. Akatia tonge moja mdomoni, akalitafuna polepole, akatema kwenye kiganja.

"Hakina chumvi."

"Daktari kakataza."

Akawatazama Turkiya na Azza, wanavyokula kimya wameinamisha vichwa, kila mmoja na sahani yake. Kisha akanitazama mie kwa muda mrefu. Akaondoka hajaaga.

Nimekumbuka baada ya Alasiri, nikiwa natandika. Msukule hapewi chumvi. Akionja chumvi tu, akili humrudia, akamkumbuka mama yake, akatoroka. Kwa hiyo yule anayepika bila chumvi, Bi Mahbouba anamjua ni nani.

Jumamosi, 6 Julai

Mwanamke anayetuletea mkate hajaja. Nimekwenda mwenyewe. Mtoto wake aliponiona akavuka njia.

Jumatano, 10 Julai

Tangu Jumamosi nilikuwa nimemkataza Bi Mahbouba kuingia. Haukunisaidia ukali wangu. Yeye alikaa nje ya mlango, na Turkiya akakaa ndani ya mlango, mgongo kwa mgongo, ubao katikati yao. Chakula Turkiya hakugusa. Mie nimelisha watu wengi kwa nguvu wodini, na sitaki kulisha tena mtu mzima kwa nguvu. Leo nikafungua.

Alikuwa na papa mkavu kutoka Sur, ameloweka, amepika kwa ndimu na bizari, ana chumvi ya kuwasha ulimi. Nikamwambia Azza asiguse. Turkiya alikula mpaka akaramba vidole, Bi Mahbouba akimtolea miiba isiyokuwepo, maana papa hana miiba. Kisha Turkiya akasema, "Tamu."

Miaka yote niliyompikia hajapata kuniambia neno hilo. Nilitoka uani nikajifanya naanua nguo.

Ijumaa, 12 Julai

Kilele cha joto. Feni imekufa. Azza amelala sakafuni bafuni, nami nimemwacha.

Jumapili, 14 Julai

Sasa ni kila siku, na alasiri huwachukua wangu kutembea. Bi Mahbouba anamfumua nywele, anampaka mafuta, anamsuka, anamwimbia wimbo wa kumlaza mtoto, wa Kiarabu cha watu wa Sur. Turkiya ameanza kuuimba mwenyewe akifagia. Sauti yake nzito, ya chini, na maneno ya kitoto. Nikiwa jikoni nikiisikia inapita ukumbini, naacha mwiko, kwa sababu nyumba hii haikuwa na sauti.

Leo nimemkabili.

"Mfanyie utakalo, Bi Mahbouba, lakini mwite jina lake. Ni Turkiya."

"Hilo ni jina ulilompa wewe."

"Nimempa mie? Mie nani?"

Akaendelea kusuka. Turkiya alikuwa amelaza kichwa magotini pake na amefumba macho, na mimi nilikuwa mwenye wivu, naliandika kama lilivyo.

Jumanne, 16 Julai

Kiberiti cha jikoni kilichopotea tumekipata chini ya mto wa Azza. Hakuna jingine.

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi Turkiya hakuwepo.

Mlango ulikuwa wazi. Mwenyewe ametoa komeo, mtu ambaye hajapata kutoa komeo. Nilikwenda mferejini, wanawake wanapofulia, hayupo. Nikaenda kwenye tanuri la tende, hayupo. Nikapita katikati ya yale majumba ya zamani ya matajiri, yaliyoanguka dari, nikiita kila chumba, na kila chumba kikinijibu kwa sauti yangu. Mchunga mbuzi akanionyesha mkono upande wa makaburini.

Makaburi ya hapa hayana majina. Ni mawe tu, yamesimamishwa kichwani na miguuni, mamia, yote sawa. Turkiya alikuwa amekaa katikati yake, kando ya kaburi dogo la mtoto, ameegemeza shavu kwenye jiwe. Alikuwa anaimba.

Bi Mahbouba naye alikuwa ameshafika, sijui nani alimwambia. Alikuwa amesimama mbali kidogo na ameshika kifua.

"Umeona sasa?" akaniambia, na alikuwa halii, alikuwa anacheka kwa furaha ambayo siwezi kuielezea. "Katika makaburi yote haya, kalijua la Tamima. Mwenyewe. Anajua kwamba humo hamna mtu."

Nilimshika Turkiya mkono nikamrudisha nyumbani.

Jumatatu, 22 Julai

Siku mbili sikuwa na akili. Naandika kwa haya: nilikuwa nimeamini. Mama yangu alifariki Unguja mie nikiwa huku, nikaletewa habari na msafiri. Uso wake sikuuona. Jana nilikaa nikajiuliza, basi na yeye je? Nikamhesabu anatembea mahali, ananyamaza, anafagia ua wa mtu. Nikamtamani hata hivyo.

Leo Azza amenicheka. Nilikuwa namwogesha, akasema, "Turkiya na bibi wanakwenda kwenye mawe. Bibi analia pale. Turkiya anafuta jiwe. Kila siku."

Kumbe zile alasiri walipokuwa wakitoka kutembea, mimi nikilala, ndiko walikokuwa wakienda. Nilikasirika, na chini ya hasira nilihuzunika kama mtu aliyefiwa upya.

Nimemwambia Bi Mahbouba. Akasema, "Nilimpeleka, ndiyo. Lakini mbona alirudi peke yake?"

Kwa sababu anakupenda, nilitaka kusema.

Alhamisi, 25 Julai

Amur amekuja kutoka Maskati, na si Idi kubwa. Bwana Nadhir amemwita. Wamekaa ukumbini, na pamoja nao mtu mmoja mkavu, ndevu zimetiwa hina, anaitwa Mwalimu Khalaf. Huyu anatibu kwa chuma cha moto. Huku ni dawa ya kawaida. Wamo wazee wengi wenye alama za chuma tumboni kwa ugonjwa wa manjano, na wengine watakuapia kwamba walipona. Khalaf anasema aliyeghibishwa hurudi kwa njia hiyo: anachomwa utosini mara moja na kuulizwa jina. Akitaja jina lake la kweli, kifungo kimekatika. Asipolitaja, anaongezwa.

Nilileta kahawa sikutoka tena.

"Bwana Amur," nikasema, "huyu ni dada yako. Waambie ni dada yako."

Amur akakuna shingo. "Bi Rahila, nani amekataa? Ni sista yangu, tumezaliwa nyumba moja. Lakini kama hawa watu wana dawa, tunapoteza nini? Na kama huyo bibi anamtaka, mimi niko bize, nina watoto, nina ofisi. Wewe mwenyewe umesema anakula vizuri akiwa na yeye."

"Wanataka kumchoma kichwa!"

"Watu wanachomwa, Bi Rahila. Baba alichomwa."

Bwana Nadhir ni mtu mwema, naye alitazama zulia. Mtaani wanasema nyumba yake inafuga misukule, na jina lake ni kubwa. Akasema tusigombane, ndugu ndiye mwenye kauli.

Nikawaambia, kauli wanayo wao na ufunguo ninao mie.

Jumamosi, 27 Julai

Nimefunga mlango. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka. Turkiya anaugonga kwa kiganja, pole pole, hachoki. Anasimama kidogo nikidhani amelala, kisha anaanza tena.

Jumatatu, 29 Julai

Bado anagonga. Kiganja kimevimba.

Jumatano, 31 Julai

Leo nimejitazama. Nimekaa ukumbini na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kanga, wanawake wawili wazima wamefungiwa, chakula hakina chumvi, nje watoto wanapita mbio. Nikawaza, mtu akitaka kuchora picha ya mchawi na misukule wake angekosa nini hapa?

Nikafungua. Bi Mahbouba alikuwa kwenye kizingiti. Tumekubaliana: atakuja alasiri, watakwenda shambani kuchambua tende, na Azza atafuatana nao. Nikamwambia, "Na yule Khalaf?"

"Rahila, nimchome mwanangu?"

Nikaridhika na hilo. Nilitaka kuridhika, nilikuwa nimechoka na ule mlio.

Ijumaa, 2 Agosti

Sijui kama nitaweza kuliandika, lakini nisipoandika litanikaa.

Baada ya Alasiri nilikuwa nachagua mchele. Azza akaingia peke yake. Alikuwa hacheki. Akanivuta nguo, akasema, "Moto. Moto. Turkiya."

Nilikimbia bila viatu. Shambani palikuwa hapana wachambuzi, kwa sababu ya Ijumaa, lakini tanuri la kuchemshia tende lilikuwa na moto. Khalaf alikuwa amechuchumaa mbele yake na chuma. Amur alikuwepo, amesimama nyuma ya mtende na amewapa mgongo. Turkiya alikuwa amekaa mkekani, nywele alizosukwa kwa siku zote zile zimepasuliwa njia katikati, na Bi Mahbouba alikuwa amekaa mbele yake amemshika mikono yote miwili.

Nilisikia harufu kabla sijafika. Mara ya kwanza ilikuwa imeshapita.

Alikuwa halii. Midomo yake ilikuwa inatetemeka na machozi yanatoka yenyewe, lakini sauti hakuna. Kwangu alijifunza hivyo, kwamba kelele hazisaidii.

"Jina lako nani?" Khalaf akamwuliza.

Na Turkiya akajibu vizuri, kama nilivyomfunza kuwajibu watu asiowajua: "Turkiya. Nyumba ya Bwana Nadhir."

Khalaf akatikisa kichwa. "Mchawi bado amemshika," akasema, na akarudisha chuma motoni.

Nilipiga kelele, nikamrukia. Amur akanikamata kiuno kutoka nyuma. Nilimwita majina ambayo mama yangu angeniosha mdomo. Yeye alikuwa akinong'ona tu, "Basi, Bi Rahila, basi, inakwisha sasa hivi," na alikuwa analia mgongoni kwangu, huyo mtu mwenye ofisi.

Chuma kikatoka chekundu. Turkiya akakiona. Wala hakujivuta. Alitoa mkono mmoja katika mikono ya Bi Mahbouba, akakichukua kiganja cha yule bibi, akakiweka juu ya utosi wake mwenyewe, pale palipoungua, amfunike. Alikuwa anatafuta kinga kwa mtu yule yule aliyemleta.

Bi Mahbouba akatazama mkono wake ulipo. Uso wake ulibadilika taratibu, ukazeeka mbele yangu.

"Acha," akamwambia Khalaf.

"Mara moja tu, mama. Yuko karibu."

"Nimesema acha! Mwanangu angeniuma." Sauti yake ilikuwa kavu. "Tamima alikuwa na meno. Ukimshika kumtoa mwiba tu, anakuuma mpaka damu, alama ninazo mpaka leo. Huyu hajui kuuma. Huyu si wangu." Kisha akasema tena, polepole, si kwetu: "Mwanangu alikufa."

Amur akaniachia. Nikamchukua Turkiya. Alikataa kusimama. Alikuwa akimtazama Bi Mahbouba na kumngoja, na yule bibi hakumgeukia tena.

Jumamosi, 3 Agosti

Hospitali. Daktari, kijana wa Kihindi, alikisafisha kidonda akaniuliza nani kafanya. Nikamwambia. Akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa nachagua mchele.

Amur amerudi Maskati. Asubuhi kabla hajaondoka alikuja, akakaa na dada yake saa nzima bila kutazama saa. Alimvua viatu, akamvisha tena.

Jumatano, 7 Agosti

Kidonda kinakauka. Turkiya anakaa kwenye kizingiti kuanzia Alasiri, bandeji kichwani, na wapita njia wanainamisha macho. Haimbi. Nimeanza kupika vyungu viwili. Nimempikia papa mkavu kwa ndimu, nimetia chumvi mpaka nikaogopa. Alikula, akanishukuru kwa kichwa. Hakusema tamu.

Nikimwita anakuja, nikimwambia lala analala. Nilikuwa nikijivunia hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Mahbouba. Amelala chini, amejigeuza ukutani.

"Njoo umtazame," nikamwambia. "Anakungoja."

"Anamngoja mama wa Tamima. Mama wa Tamima kafiwa."

"Basi njoo wewe. Njoo uwe mtu wa Turkiya. Hana mtu."

"Ana wewe."

"Mie namwogesha na kumlisha, Bi Mahbouba. Hicho ndicho ninachojua." Na hapo nikalia, mie Rahila, mbele ya mtu niliyekuja kumwambia makali. "Kwako alikuwa anataka. Alikuwa anataka kuamka. Kwangu anaamka tu."

Kisha akasema, "Nimemchoma moto, mwanangu. Nitamtazama kwa macho gani?" Lakini aligeuka, akanitazama. Akasema ataweka matanga ya binti yake, ambayo hakuyaweka miaka ishirini, na baada ya hapo, inshallah, tuje. Wote watatu.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo tumekwenda matangani.

Walikuja wanawake wengi kuliko nilivyodhani. Wengine hawakuwa wamezaliwa Tamima alipokufa. Walikaa kuzunguka chumba, Qurani ikasomwa, kahawa ikapita, tende mpya zikapita. Waliniachia nafasi kwenye mkeka, na yule mwanamke wa mkate akanisogelea akaniuliza hali. Azza akakaa kwenye mapaja ya mtu asiyemjua, akapewa halwa, akacheka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Turkiya alikaa karibu na mlango. Tangu tuingie alikuwa akimtazama Bi Mahbouba, ambaye alikuwa amevaa nguo za msiba na macho yake yako chini. Nilikuwa namwomba Mungu moyoni ainue uso. Sikumwomba kingine kaidhi yote hii kwa nguvu kama hivyo.

Akainua. Akapangusa pembeni yake, watu wakasogea, pakawa na nafasi.

"Turkiya," akasema.

Lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwake jina hilo. Alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeshika kitu cha watu. "Turkiya, mwanangu. Njoo ukae na mimi."

Turkiya hakusogea. Alikuwa anamtazama mdomo, anangoja. Bi Mahbouba akaita tena, kwa sauti ya juu kidogo, mkono umewekwa pale pembeni. Turkiya akangoja tu. Jina alilokuwa akilingoja halikuja, na mie nililijua, na sikuweza kulisema ndani ya chumba kile, siku ile.

"Haniitiki," Bi Mahbouba akasema. "Mwite wewe, Rahila. Wewe amekuzoea."

Nikamwita. Nilitia upole wote nilionao. "Turkiya."

Aliinuka hapo hapo. Akainamisha kichwa, akachukua sinia, akaanza kukusanya vikombe vya kahawa, kimoja kimoja, hata vile ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kunywa. Alizunguka chumba kizima bila kugonganisha kitu. Alipomfikia Bi Mahbouba akakitoa kikombe mkononi mwake, taratibu, bila kumtazama uso, akapita kwa mtu wa pili.

Mwanamke aliyekuwa ubavuni kwangu akanigusa goti.

"Mashallah, Bi Rahila," akaninong'oneza. "Umemfunza vizuri."